Kulinganisha Vivinjari Kwenye Mashine Yako: Kasi, Memori na Msaada Ukikwama

Malalamiko ni yale yale. Mtu anachoshwa na kivinjari chake, anapakua kingine, anafungua ukurasa mmoja na kuona kinaruka kama swara. Wiki tatu baadaye kinakokota miguu kama kile alichokiacha. Kivinjari kipya hakina kosa. Alilinganisha nyumba tupu na nyumba iliyojaa vyombo: cha zamani kilikuwa na viendelezi (programu ndogo za kuongezea) kumi, historia ya miaka minne na vichupo (tabs) ishirini na saba, kipya hakikuwa na kitu.

Kosa la pili ni kutumia tovuti za kupima kasi ya intaneti. Hizo hupima laini yako. Ukiona Chrome imepata 18 na Firefox 14, huenda jirani ameanza kutazama mpira tu.

La tatu ndilo linalogharimu zaidi: karibu hakuna anayepima msaada. Kivinjari kinaweza kuwa chepesi sana, halafu siku kikigoma kufungua risiti unayotakiwa kupeleka Huduma Centre, ofisi ya huduma za serikali, ukatumia adhuhuri nzima kutafuta dawa. Muda huo nao uhesabiwe.

Hatua zifuatazo ni za kompyuta yenye Windows 10 au 11. Majina ya vitufe tumeyaacha kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo kompyuta nyingi za hapa Nairobi zinavyoyaonyesha.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta unayotumia kila siku, si ya rafiki iliyo na nguvu zaidi.
- Vivinjari visivyozidi vitatu. Chrome, Edge, Opera na Brave vyote vinatumia injini moja, Blink, yaani sehemu inayosoma na kuchora ukurasa. Firefox inatumia Gecko. Ukilinganisha Chrome na Brave pekee umelinganisha bodi mbili zenye injini moja, kwa hiyo Firefox iwemo.
- Intaneti ya aina moja mwanzo hadi mwisho. Kama unatumia bando, andaa GB 2.
- Kurasa tano unazozitumia kweli. Mchanganyiko mzuri: eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), ukurasa wa kuingilia iTax (ya kodi), barua pepe yako, tovuti ya habari iliyojaa matangazo, na video moja ya YouTube.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na daftari au lahajedwali.
- Saa tatu zisizo na haraka. Epuka saa mbili hadi saa nne usiku kama mnagawana waifai ya ploti nzima.

## Hatua ya 1: Sawazisha uwanja

Sasisha kila kivinjari kwanza. Kwenye Chrome andika `chrome://settings/help`, kwenye Edge `edge://settings/help`, na kwenye Firefox fungua menyu, Help, kisha About Firefox. Nakili namba ya toleo daftarini. Bila hiyo, matokeo yako hayatakuwa na maana mwezi ujao, maana matoleo mapya hutoka kila baada ya wiki chache.

Ikiwa kompyuta bado ina Windows 7 au 8.1, ulinganisho unaishia hapa. Chrome ilikoma kwenye toleo la 109 mapema 2023, na Firefox imebaki kwenye tawi la 115 ESR, la matoleo ya muda mrefu. Shughulikia Windows kwanza.

Sasa ondoa mizigo. Usifute chochote: kwenye Chrome na Edge, bonyeza picha yako ya wasifu ufungue dirisha la mgeni, Guest. Halina viendelezi, halina historia. Kwenye Firefox andika `about:profiles`, tengeneza wasifu mpya, uufungue kwa kitufe cha kuuzindua. Wasifu wako wa zamani unabaki salama.

Chomeka chaja. Kompyuta ikiwa kwenye betri, Windows hupunguza kasi ya prosesa, na kivinjari kitakachopimwa mwisho kitaonewa. Zima VPN, na usimamishe programu zinazopandisha mafaili mtandaoni kwa siri.

Umefaulu ukiona hivi: bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager, tazama CPU (prosesa) ikitulia chini ya asilimia 10 na Disk ikishuka karibu na sifuri kwa dakika mbili mfululizo.

Onyo: laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa mjini bado zina diski ya kuzunguka. Ukiona Disk imekwama kwenye asilimia 100 dakika tano baada ya kuwasha, acha zoezi hili. Weka SSD, diski isiyozunguka. Hakuna kivinjari duniani kitakachoponya diski ya aina hiyo, na mengi yanayosemwa kuhusu "kivinjari kizito" huishia hapo kwa fundi.

## Hatua ya 2: Pima kinavyofunguka

Edge ina kitu kinaitwa Startup boost: sehemu yake huamka pamoja na Windows, kwa hiyo ukibofya inaonekana kama imefunguka kwa sekunde moja. Chrome nayo inaweza kubaki hai chinichini baada ya kuifunga. Nenda kwenye mipangilio ya System katika kila kimoja uzime vyote viwili, kisha uwashe upya kompyuta.

Subiri dakika tatu. Bofya kivinjari na uanze kuhesabu. Simamisha saa pale unapoweza kuandika herufi kwenye sehemu ya anwani, si pale dirisha linapotokea. Dirisha tupu lisiloandikika halikufai kitu.

Kivinjari kimoja kwa kila kuwashwa upya. Ukikifungua mara ya pili bila kuwasha upya, mafaili yake tayari yako kwenye memori na namba itakudanganya. Mara tatu kwa kila kimoja inatosha. Ukiona inachosha, pima mara moja tu na uendelee: kivinjari hufunguliwa mara moja asubuhi, kurasa hufunguliwa kutwa.

## Hatua ya 3: Pima kurasa

Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo nenda polepole.

1. Fungua kichupo kitupu, bonyeza F12, chagua Network. Weka alama kwenye Disable cache. Alama hiyo hufanya kazi F12 ikiwa wazi tu. Ukifunga, kivinjari kinarudia akiba yake ya kurasa (cache).
2. Andika anwani ya ukurasa wa kwanza, bonyeza Enter, subiri utulie.
3. Chini ya dirisha utaona mstari wenye idadi ya maombi, data iliyohamishwa, Finish, DOMContentLoaded na Load. Nakili Load na data iliyohamishwa. Achana na Finish: ukurasa wenye matangazo au kisanduku cha gumzo huendelea kuita sava bila kikomo, na namba hiyo itapanda ukiwa umekaa tu.
4. Nenda kivinjari cha pili, ukurasa ule ule. Kisha cha tatu. Kisha rudi cha kwanza.

Zunguka hivyo mara sita. Usimalize kivinjari kimoja ndipo uanze kingine, kwa sababu laini ya saa tisa si ile ya saa kumi na moja. Tupa mzunguko wa kwanza. Ndio uliobeba kazi ya kutafuta anwani za sava.

Katika mitano iliyobaki chukua namba ya katikati, si wastani. Tuseme umepata sekunde 3.1, 3.4, 3.2, 11.8 na 3.3. Zipange, ya katikati ni 3.3, na huo ndio ukweli wa ukurasa huo. Wastani ungekuambia 4.96, yaani mtandao uliokatika mara moja umekipaka matope kivinjari kisicho na hatia.

Tofauti iliyo chini ya asilimia 10 ihesabu kama sare. Usibishane na tofauti ndogo ambayo kesho itageuka.

Inapoharibika: kurasa za nje ya nchi zikiwa nzito kwenye vivinjari vyote huku za hapa zikienda sawa, tatizo liko njiani. Data hiyo hupita kwenye nyaya za baharini zinazotua Mombasa. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, mtandao ulidorora eneo lote la Afrika Mashariki. Siku kama hiyo weka daftari kando.

Kisha ondoa alama ya Disable cache, rudia mizunguko mitatu. Hizi namba za pili ndizo zinazofanana na maisha yako, kwa kuwa kurasa unazozizoea huwa tayari zimehifadhiwa kwa sehemu.

Itazame safu ya data iliyohamishwa kwa makini kama unaishi kwa bando. Kwenye tovuti ya habari, toka kwenye Guest (haikubali viendelezi), weka kizuia matangazo halafu upime tena. Mara nyingi tofauti hiyo huzidi tofauti yoyote kati ya kivinjari na kivinjari. Firefox bado inakubali uBlock Origin kamili. Chrome imekiondoa, imebaki na toleo dogo, uBlock Origin Lite. Kwa mtu wa bando, hilo peke yake linaweza kuamua mechi.

## Hatua ya 4: Memori, na fomu iliyojazwa nusu

Fungua kurasa zile tano pamoja na moja ya ziada katika kila kivinjari, kimoja baada ya kingine, vingine vikiwa vimefungwa. Subiri dakika tano. Kwenye Task Manager soma jumla ya kundi zima la kivinjari, si mstari mmoja ndani yake. Vivinjari vya leo hugawa kila tovuti kwenye mchakato wake, kwa hiyo anayesoma mstari wa kwanza peke yake hudhani Chrome inakula MB 90.

Kujua kichupo kipi ndicho mlafi, bonyeza Shift+Esc ndani ya Chrome au Edge. Kwenye Firefox andika `about:processes`.

Lakini jumla hiyo si hukumu. Memori isiyotumika haikusaidii chochote. Kwenye mashine ya GB 4 jaribio lenye maana ni hili: endelea kuongeza vichupo, kimoja kila nusu dakika, ukirudi kwenye kile cha kwanza kila mara. Andika idadi pale kichupo cha kwanza kinapojipakia upya chenyewe ulipokirudia, au kielekezi kinapoanza kugandaganda. Idadi hiyo ndiyo uwezo wako.

Kujipakia upya si jambo dogo. Kivinjari kikikosa nafasi, hulaza vichupo vya nyuma. Chrome inaita Memory Saver, Edge ina Sleeping tabs, na Firefox huviondoa kwenye memori inapobana. Habari ikijipakia upya, hakuna hasara. Fomu ndefu uliyoijaza nusu ukaenda kichupo kingine kutafuta namba ya PIN, ukirudi unaweza kuikuta nyeupe. Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi, si siku ya kugundua hilo.

Kinga: Chrome, Settings, Performance, ongeza tovuti hiyo kwenye orodha ya zinazobaki hai. Edge ina orodha kama hiyo kwenye mipangilio ya System and performance.

## Hatua ya 5: Injini yenyewe

Nenda browserbench.org, uendeshe Speedometer 3. Kilitengenezwa kwa pamoja na Apple, Google, Microsoft na Mozilla, kwa hiyo hakina mwenyewe anayependelewa. Kichupo kimoja, mara tatu, chukua ya katikati. Alama kubwa ndiyo bora. Hupima jinsi kivinjari kinavyoitikia mibofyo na kuandika ndani ya kurasa nzito, wala hakigusi mtandao. Kama kazi yako ni kusoma habari na barua, usikipe uzito mkubwa.

## Hatua ya 6: Video kwenye laptopu kongwe

Cheza video ile ile kwa 720p, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya picha, chagua Stats for nerds. Acha dakika mbili. Soma fremu zilizodondoshwa na mstari wa Codecs, yaani mfumo uliotumika kubana video.

Ukiona vp09 au av01 huku CPU ikiwa juu ya asilimia 80 na feni ikilia kama posho mill, chipu yako haina uwezo wa kufungua mfumo huo wa video, kwa hiyo prosesa inabebeshwa kazi yote. Core i5 ya kizazi cha nne ni mfano mzuri. Kubadilisha kivinjari hakutasaidia sana. Kiendelezi cha aina ya h264ify huiomba YouTube itume avc1, ambayo chipu hiyo inaijua. CPU ikishuka ghafla baada ya hapo, umefaulu.

Hakikisha pia graphics acceleration, yaani chipu ya picha kumsaidia prosesa, imewashwa kwenye mipangilio ya System ya Chrome au Edge. Kuna mafundi wanaoizima ili kuondoa kasoro fulani ya skrini, halafu wanasahau kuirudisha.

## Hatua ya 7: Pima msaada kama unavyopima kasi

Chagua matatizo matatu, yasababishe kwa makusudi, na ujipe dakika kumi kwa kila tatizo katika kila kivinjari. Anza na kitufe cha F1, kinachofungua ukurasa rasmi wa msaada. Dakika tano zikipita, ruhusa kutafuta popote. Tumia simu kutafutia, kwa sababu siku ya shida yenyewe huenda kompyuta haifungui kitu.

Tatizo la kwanza: saa. Rudisha tarehe ya kompyuta miaka miwili nyuma, kisha fungua eCitizen. Ukurasa utakataliwa. Chrome na Edge zitakupa msimbo NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Firefox ina ujumbe na misimbo yake. Angalia: je, ujumbe unakutajia saa waziwazi, au unakutisha tu kuhusu wezi? Je, ukinakili msimbo na kuutafuta, makala ya kwanza inakupeleka kwenye saa au inakuambia ufute akiba? Hili tumelichagua kwa sababu ndilo linalopata laptopu za mtumba mara kwa mara: betri ndogo ya ubao mama, kwa kawaida CR2032, imekufa, na kila chaji inapoisha kabisa mashine inasahau mwaka. Rudisha tarehe sahihi kabla ya kuendelea.

Tatizo la pili: risiti isiyofunguka. Zuia madirisha ibukizi, halafu tafuta namna ya kuruhusu tovuti moja tu. Chrome huweka alama ndogo upande wa kulia wa anwani, ambayo wengi hawaioni. Firefox hutoa ukanda juu ya ukurasa. Kipi ulikiona bila kuambiwa?

Tatizo la tatu: funga dirisha la kawaida, si la Guest, lenye vichupo kumi na mbili, kisha ulirudishe. Hapa jibu la kwanza utakalolipata karibu kila mara ni Ctrl+Shift+T. Hakikisha linafanya kazi kwako.

Kwa kila jaribio andika mambo manne: dakika hadi suluhisho lifanye kazi, kama makala inataja menyu unazoziona kwenye toleo lako, kama kuna mtu halisi unayeweza kumuuliza, na kama kuna Kiswahili unachokielewa. Chrome yenyewe inaweza kuwekwa Kiswahili, lakini ukiweka, kumbuka makala nyingi zitakuambia bonyeza Settings nawe unaona Mipangilio.

Kisha angalia zana zilizomo ndani. Firefox ina Troubleshoot Mode kwenye menyu ya Help, inayozima viendelezi kwa muda ili ujue kama ndivyo wachawi, na `about:support`, ukurasa unaoweza kuunakili wote na kumtumia anayekusaidia. Refresh Firefox hutoa viendelezi lakini huacha alamisho na nywila. Chrome na Edge zina Reset settings, yenye kazi inayokaribiana.

Maoni yetu: kwa kina cha maelezo na jukwaa ambapo watu wanajibu, Firefox iko mbele. Kwa msaada wa ana kwa ana hapa mjini, Chrome haina mpinzani. Ingia saiba yoyote, kuanzia Kawangware hadi Umoja, anayehudumia atajua menyu zake hata gizani. Pima mwenyewe ni upi kati ya hiyo miwili unaoutumia ukikwama.

Onyo kubwa: ukitafuta "namba ya huduma kwa wateja" ya kivinjari, utapata namba za simu. Ni mtego. Chrome na Firefox hazina simu ya kuhudumia watumiaji wa kawaida bure. Anayekuambia usakinishe programu ya kuitazama kompyuta yako kwa mbali, au anayegusia PIN ya M-Pesa, mkatie simu.

## Kama unatumia simu zaidi

Acha F12, soma matumizi ya data ya kila programu kwenye mipangilio ya Android, kabla na baada ya kufungua kurasa zile tano. Opera Mini ikiwa kwenye hali ya juu kabisa ya kubana data hupitisha ukurasa kwenye sava za Opera, ambako hupikwa na kukandamizwa ndipo ukufikie. Bando linadumu, lakini kurasa zenye fomu na vitufe vingi zinaweza kukosa kuitikia. Itumie kusomea, na fomu za serikali na benki uzifungue kwa Chrome au Firefox. Firefox ya Android inakubali uBlock Origin.

## Hatua ya 8: Piga hesabu, kisha uhame

Geuza kila kitu kiwe dakika. Tuseme kivinjari A kinakuokolea sekunde 0.4 kwa ukurasa na unafungua kurasa 200 kwa siku: sekunde 80. Ukikwama mara moja na kupoteza dakika 40 zaidi ya ambazo ungepoteza kwenye B, umekula akiba ya siku 30. Kwa mtu anayekwama mara moja kwa mwaka, A ni sawa. Kwa anayekwama kila mwezi, A haijamwokolea kitu.

Ukishaamua, ingiza alamisho kupitia Import kwenye kivinjari kipya, lakini viendelezi usivibebe vyote. Ongeza kimoja kwa wiki, ili kikija kizito ukijue mara moja. Cha zamani kiache kwenye mashine, kikiwa kimesasishwa. Ukurasa ukigoma kwenye kimoja na kufunguka kwenye kingine, tayari unajua ulitafute tatizo upande gani.

Nywila ukizitoa kwa faili ya CSV, jua kwamba faili hiyo haina kufuli: yeyote anayeifungua anasoma kila kitu. Usifanyie kazi hii saiba. Ukimaliza kuingiza, ifute kwenye Downloads, halafu uimwage Recycle Bin.